Kifaa Kukaa Si Kufaa

Katika gereji na maduka ya spea ya Afrika Mashariki, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi, imejengeka imani kwamba kifaa kilichotumika kikishakaa mahali pake, boliti zikashika na gari likawaka, kazi ya ufundi imekwisha. Katika gari linalosukumwa na magurudumu mawili imani hiyo huenda isilete hasara kubwa, lakini katika magari madogo ya zamani yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu na yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, mfano mkuu ukiwa Subaru Impreza, ni imani potofu inayoua mashine nzima, kisha lawama ikabebeshwa gari lenyewe kwamba ni la kusumbua.

Giaboksi ya gari hilo hubeba mambo mengi kwa wakati mmoja: gia zenyewe, difu ya mbele, na sehemu inayogawa nguvu kwenda nyuma kupitia propela. Katika giaboksi ya gia za mkono, sehemu hiyo ni difu ya kati yenye kiungo cha mnato, yaani sahani nyembamba zilizozama katika mafuta mazito ya silikoni. Katika otomatiki ya zamani ya gia nne, ni klachi ya sahani nyingi inayobanwa kwa shinikizo la oili kwa amri ya kompyuta. Vyote viwili viliundwa vivumilie tofauti ndogo ya mwendo kati ya mbele na nyuma, kama ile inayotokea gari linapokata kona, wala havikuundwa vivumilie tofauti isiyokoma.

Tofauti isiyokoma huletwa na uwiano wa difu usiolingana mbele na nyuma; uwiano huo ni idadi ya mizunguko ya pinioni, yaani gia ndogo ya difu, kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Pinioni yenye meno 9 ikizungusha kraunwili, yaani gia kubwa ya difu, ya meno 37, uwiano ni 4.11, ikizungusha ya meno 40, uwiano ni 4.44, na Subaru imetumia zote mbili. Giaboksi ya otomatiki ya 4.11 yaweza kufungwa kwenye gari lenye difu ya nyuma ya 4.44 bila boliti hata moja kukataa. Hata hivyo, kila magurudumu yanapozunguka mara 9, upande wa giaboksi huitaka propela izunguke mara 37, ilhali difu ya nyuma hudai mizunguko 40, na ile mitatu iliyozidi haina pa kwenda isipokuwa kwenye klachi. Kwa kuwa gurudumu lenye mzingo wa karibu mita 2 huzunguka takriban mara 500 katika kilomita moja, klachi hiyo hulazimishwa kuteleza zaidi ya mara 160 kila kilomita, hata barabara ikiwa imenyooka. Oili hupata joto na kuwa nyeusi, sahani huungua, na gari likikata kona kali kwa mwendo wa pole hujikaza kama lililoshikwa breki. Mwenye gari hurudi sokoni kutafuta giaboksi nyingine, nayo huungua vilevile, kwa sababu chanzo cha ugonjwa hakijaguswa.

Kipimo cha uwiano huo hakihitaji kompyuta. Gari likiinuliwa magurudumu yote na gia ikiwa huru, propela hupigwa alama ya chaki, magurudumu mawili ya nyuma huzungushwa kwa pamoja mara 9, na mizunguko ya propela huhesabiwa: 37 au 40. Upande wa giaboksi husomwa kwenye kibandiko kilicho juu, karibu na inapoungana na injini, ambacho msimbo wake katika otomatiki nyingi za zamani za Subaru huanza na TZ1. Fundi asiyekuwa na nusu saa ya kazi hiyo hajafanya ukarabati. Amefunga boliti tu.

Imani hiyohiyo hufika hadi kwenye matairi. Tairi jipya lenye kashata za milimita 8 likifungwa pamoja na matatu yaliyobakiwa na milimita 3, mizingo hutofautiana kwa takriban milimita 31, wakati mwongozo unaojulikana kwa magari ya Subaru ni tofauti isiyozidi robo inchi, yaani kama milimita 6.

Wapo wanaotibu tatizo kwa kuchomoa propela ili gari lisukumwe na magurudumu ya mbele pekee, wakidai pia kwamba huokoa mafuta. Katika gari la gia za mkono, kitendo hicho huutwisha ule mnato wa silikoni mzigo wote wa kuendesha gari, nao hauwezi kuubeba kwa muda mrefu.

Spea ya mtumba haina kosa, na bila hiyo magari mengi ya umri huo yangekwisha kugeuka vyuma chakavu. Kosa ni kuitenganisha na mwenzake. Giaboksi na difu ya nyuma zilizotoka kwenye gari moja zinunuliwe pamoja, na muuzaji asiyeweza kueleza difu ya nyuma iko wapi wala kuonyesha kibandiko cha giaboksi asipewe fedha.