Somo la Ukame Lisiishie Kwenye Hofu
Mwalimu anayemwambia mtoto wa Malangali, hapa Sumbawanga, kwamba mvua zimebadilika anasema kweli, na kweli hiyo isifichwe. Nyanda zetu za juu za Ufipa zina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Ukivurugika, mahindi hayana nafasi ya pili, na mtoto anaijua hofu hiyo kabla hajaisoma darasani. Ninachopinga ni somo kuishia hapo, maana hofu isiyopewa kazi hukatisha tamaa. Sumbawanga tuna cha kuwaonyesha watoto wetu. Wafipa, kwenye nyika yenye miti michache, walirutubisha ardhi kwa matuta ya mviringo: mvua zikielekea kuisha, majani hufukiwa chini ya udongo na juu yake hupandwa maharage, msimu unaofuata tuta husambazwa shambani, kisha hupandwa ulezi. Mtoto achimbue tuta mwenyewe, aone majani yalivyooza yakawa meusi, aushike unyevu uliobaki ndani. Tuta haliwezi kuirudisha mvua, lakini udongo wenye mboji hushika maji. Walimu wa Malangali, tengeni kipande cha shamba la shule, mwalikeni mzee anayeijua kazi hiyo, na majembe yaingie kwenye kipindi cha jiografia.