Falsafa na Lugha ya Wenyewe

Kila mwaka, Alhamisi ya tatu ya mwezi wa Novemba, mataifa huadhimisha Siku ya Falsafa Duniani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na UNESCO, Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa. Ni shirika hilo hilo ambalo mnamo Novemba 2021 liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku zote mbili ni zetu. Lakini mwenye kuzitazama shughuli za vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki ataona kwamba siku hizi mbili hazijuani: falsafa inasomeshwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinaimbiwa sifa bila ya kupewa kazi ya kufikiria mambo mazito.

Huenda mkulima wa karafuu wa Wete akauliza: jambo hili linanihusu nini? Linamhusu sana. Falsafa ni elimu ya kuhoji: haki ni nini, utu ni nini, mtu anawiwa nini na jamaa zake na dola yake. Watu wanaolipwa mishahara kwa kazi hiyo ndio pia wanaoamua fikra za nani zihesabiwe kuwa fikra na za nani ziitwe desturi tu. Mwaka 1945 padri mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa Kongo, Placide Tempels, alitoa kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Alikubali kwamba Mbantu anayo falsafa, ila alidai kuwa Mbantu hawezi kuieleza mwenyewe. Ni juu ya Mzungu kumwelezea. Heshima ilitolewa kwa mkono wa kulia ikapokonywa kwa mkono wa kushoto.

Aliyeijibu dharau hiyo kwa vitendo ni Mkenya, Profesa Henry Odera Oruka, aliyesomesha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1970 hadi alipofariki mwaka 1995. Yeye na wenziwe walikwenda vijijini, wakakaa na wazee na kuwauliza juu ya Mungu, mauti, usawa na uhuru. Oruka aliwagawa wazee hao mafungu mawili. Wako wanaojua yale ambayo jamii nzima inayajua, na wako wanaoyapima, wakathubutu kusema kwamba hapa desturi yetu imekosea. Hawa wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Ubaguzi huo ni wa haki, kwani methali peke yake si falsafa. Sisi sote tunasema kwamba haraka haraka haina baraka, na pia tunasema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Falsafa huanza pale mtu anapouliza ni lipi kati ya hayo mawili la kufuatwa, lini, na kwa sababu gani.

Hata hivyo, kazi hiyo njema iliacha pengo. Wazee wale walizungumza kwa lugha zao. Kitabu cha Oruka kikachapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1990 kwa Kiingereza. Hali ni hiyo hiyo hapa mwambao. Mwaka 2007 mtaalamu wa Kijerumani, Kai Kresse, alitoa kitabu kizuri juu ya watu wa fikra wa Mombasa: mshairi Ahmed Nassir na utenzi wake unaoeleza utu, Ustadh Ahmad Sheikh Nabhany, na Sheikh Abdilahi Nassir na mihadhara yake. Watatu hao walitoa hoja zao kwa Kiswahili, mbele ya Waswahili waliokuwa na uwezo wa kuwapinga. Kitabu kinachowaeleza kilitolewa kwa Kiingereza na shirika la uchapaji la Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hatumlaumu mwandishi, alitimiza wajibu wake kwa watu wake. Tunajiuliza sisi tumetimiza wajibu gani kwa watu wetu.

Marehemu Paulin Hountondji wa Benin, aliyefariki mwaka 2024, aliueleza ugonjwa huu vizuri. Alisema kwamba elimu ya Afrika imeelekezwa nje kama uchumi wake: tunatoa mali ghafi, nadharia inatengenezwa kwingine, kisha tunaipokea kama wanunuzi. Watu wa Pemba hawahitaji kusomeshwa maana ya maneno hayo. Tunajua mkulima anapanda mkarafuu, anachuma, anaanika, na faida kubwa inapatikana mbali naye. Lakini tunajua pia kwamba pale Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo hapa hapa kisiwani. Linalowezekana kwa makonyo haliwezi kushindikana kwa fikra.

Wapo wasomi watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha, na kwamba kuifanya falsafa kwa lugha hii ni kujifungia mlango wa dunia. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana ni kweli kwamba kijana wetu lazima asome vitabu vya mataifa mengine. Ila historia haiungi mkono hofu hiyo. Neno lenyewe, falsafa, lilitoka kwa Wayunani likapita kwa Waarabu kabla ya kufika kwetu. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, wafasiri kama Hunain bin Is-haq, Mkristo aliyefariki mwaka 873, walizihamishia elimu za Wayunani katika Kiarabu, na pale walipokosa neno waliliunda. Wajerumani nao walikuwa wakiandika falsafa kwa Kilatini, hata Christian Wolff alipoanza kuiandika kwa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 18. Hakuna lugha iliyosubiri ikamilike ndipo ianze kufikiri. Lugha hukamilika kwa kufikiriwa.

Na sisi tumekwisha kuanza. Marehemu Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika tasnifu yake juu ya falsafa ya Kiafrika kwa Kiingereza huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Aliporudi kwa wasomaji wake, aliuliza maswali makubwa ya kuwepo na kutokuwepo kwa Kiswahili, katika riwaya za Nagona na Mzingile. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu za uzamivu zinaandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mjadala wa falsafa kwa lugha yetu upo, ila umehifadhiwa katika nyumba ya fasihi, na wenye nyumba ya falsafa hawajaukaribisha.

Haki inatutaka tujikosoe na sisi wa Chama. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno falsafa lilizagaa katika mikutano na madarasa yetu, lakini mara nyingi lilikuwa na maana ya jibu lililokwisha kutolewa, la kukaririwa na kupigiwa makofi. Hayo hayakuwa mafunzo ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1962 alitoa kijitabu cha Tujisahihishe, kwa Kiswahili chepesi, akiwataka wanachama wayakabili makosa yao kwa hoja. Kada anayeogopa swali ameisoma falsafa nusu. Basi tusiwatupie lawama zote maprofesa, ilhali na sisi tumechangia kumfanya kijana aamini kwamba falsafa ni kaulimbiu.

Lifanyike nini? Kwanza, kila mtafiti anayekuja kuchota fikra za wazee wetu awe na sharti la kuwarudishia matokeo kwa Kiswahili, ili wapate kusema: hapa umetuelewa, na hapa hukutuelewa. Pili, BAKIZA na BAKITA wakae pamoja na walimu wa falsafa wa vyuo vikuu, watoe istilahi na kitabu cha mwanzo cha falsafa kwa wanafunzi wa skuli na vyuo. Tatu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiwatazame Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa kisiwa hiki, si kwa ufundi wa vina na mizani tu, bali kama watu waliokuwa na hoja.

Kijana wa Pemba akirudi kutoka chuoni na shahada ya falsafa, baba yake atamwuliza barazani amesoma nini. Ikiwa hawezi kujibu kwa lugha ambayo baba ataifahamu na kuipinga, basi taifa limemlipia msomi, lakini baraza halijapata mwanafalsafa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tusikubali kunyolewa zetu, kisha tukauziwa.