Tuta Lisilo na Tundu

Tulipokuwa chuoni, tumekaa mkekani na misahafu mbele yetu, mwalimu alitusimulia habari ya watu wa Sabaa huko Yaman. Walikuwa na bwawa la Maarib, likinywesha mabustani yao kuliani na kushotoni. Siku lilipopasuka, mabustani hayo yakaangamia. Sisi watoto tukadhani hicho ni kisa cha watu wa kale tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, 2024, kisa hicho kilitufikia wenyewe. Maji ya mvua yaliteremka kutoka milima ya Kijabe yakakuta tuta la reli kongwe. Chini ya tuta palikuwa na mtaro wa kuyapitisha, nao ulikuwa umezibwa na magogo, mawe na matope. Maji yakajikusanya nyuma yake hata yakalipasua, yakawakuta watu wa Mai Mahiu wamelala. Waliokufa walizidi 50. Hapana aliyejenga bwawa pale. Tuta lililokosa tundu liligeuka bwawa lenyewe.

Wataalamu watuambia kwamba joto likipanda kwa digrii moja ya selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Mvuke huo ndio ushukao mvua. Mhandisi naye hupima upana wa mtaro kwa kutazama daftari za mvua zilizopita, na daftari hizo zasimulia dunia iliyokuwa na baridi kuliko hii yetu. Basi mtaro uliowatosha babu zetu hautatutosha sisi, seuze wajukuu wetu.

Hata hivyo, tusiitwike mvua lawama yote. Mtaro mpana ukizibwa ni sawa na mtaro usiokuwapo. Fedha za kukata utepe hupatikana, kwa kuwa utepe una wapiga picha. Za kumlipa mtu mwenye sepetu, azibue mtaro kabla ya masika, hazionekani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa maji yafaa tuigeuze methali hiyo: usipozibua mtaro, utajenga mji upya.

Sisi wa Mombasa tusijione tumesalimika. Tangu zama za Mwingereza, tuta la Makupa lilikata bahari baina ya hori ya Tudor na hori ya Port Reitz. Maji yakawa yaja yakirudi, hayapiti. Ilikuwa hata 2022 ndipo lilipofunguliwa daraja mahali pa tuta, ili bahari ipate njia yake. Jambo hilo ni la kushukuriwa, nalo latufunza kwamba kosa la kufunga maji hurekebishika, ila kwa gharama ya kujenga mara mbili.

Mwalimu mwingine tunaye Gazi, kule Kwale, ambako tangu 2013 wanavijiji huhifadhi hekta 117 za mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja. Mkoko haupigani na bahari. Huyaacha maji yapite baina ya mizizi, nayo mizizi huyavunja makali na kuushika udongo usichukuliwe. Huo ndio ujenzi utakaohimili hali ya hewa ijayo.

Kwa hivyo, kila barabara, reli au nyumba itakapochorwa, maswali mawili yatangulie bei ya saruji: maji yatapita wapi, na nani atakayeilinda njia yao miaka 30 baada ya sherehe? Asiyeweza kuyajibu asipewe kazi. Nami namuaga mjenzi kwa ubeti huu:

Mjenzi wewe sikia, usipuuze maneno,
Maji yaachie njia, hayashindwi kwa mkono,
Mtaro ukifukia, utayavuna mavuno,
Tuta lisilo na tundu, ni kaburi la jirani.