Mtoto aliyeumwa na nyoka asiogope fimbo



Kazini tunavaa kofia ngumu na viatu vya usalama, na msimamizi anatukemea tukivisahau. Jioni tunarudi nyumbani, na tunamkuta mtoto wetu miguu mitupu, anatafuta mpira wake ndani ya majani. Yeye nani anamsimamia?

Sisi wa Lubunga, upande wa kushoto wa mto, tunaishi karibu na mashamba ya muhogo na msitu. Huko kuna swila. Kuna pia kifutu wa msitu, mwenye rangi kama ya majani makavu. Huyu hakimbii mtu. Anatulia kimya mpaka akanyagwe. Na mtoto ana mwili mdogo: sumu ile ile inayomwumiza mtu mzima inamshinda mtoto upesi zaidi.

Wazazi wengi wanamfundisha mtoto neno moja: «Ukiona nyoka, ua.» Mimi nasema fundisho hilo ni baya. Mtoto mwenye fimbo anamkaribia nyoka, na nyoka anayepigwa anauma. Tumfundishe hivi:

1. Ukiona nyoka, simama. Rudi nyuma polepole. Ita mtu mzima.
2. Usiingize mkono ndani ya shimo wala chini ya rundo la kuni.
3. Usiku usitoke bila taa.
4. Usiguse nyoka hata akiwa amekufa. Kichwa chake kinaweza kuuma bado.

Maneno peke yake hayatoshi. Lazeni kamba nyuma ya nyumba, mtoto apite, aione, asimame, arudi, aite. Kazini tunafanya mazoezi ya moto kabla moto haujawaka. Nyumbani tufanye vivyo hivyo.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Mtoto akiumwa mahali alipokatazwa kwenda, anaficha. Anaogopa fimbo ya baba kuliko sumu ya nyoka. Saa zinapita, mguu unavimba, na tunajua habari tukiwa tumechelewa. Kwa hiyo mwambieni leo, kabla ya hatari: «Ukiumwa, sema mara moja. Hatutakupiga.» Na ahadi hiyo itimizwe.

Hata mtu mwenye elimu anaweza kukosea hapa. Karl P. Schmidt, Mmarekani, aliandika mwaka 1923 juu ya nyoka wa Kongo. Mwaka 1957, kule Chicago, aliumwa na nyoka mdogo kutoka Afrika. Alidhani si kitu, akarudi kwake, hakutafuta matibabu. Kesho yake alikufa. Mtoto wa miaka saba atajuaje zaidi yake?

Akishaumwa, msimkate kwa wembe, msinyonye sumu, msifunge mguu kwa kamba, msipoteze saa kwa jiwe jeusi. Mlazeni, atulie. Vueni bangili na viatu. Wekeni kijiti kando ya mguu au mkono ili usitikisike. Mbebeni, asitembee, mkamfikishe kwa munganga.

Na sisi tuna mto katikati. Ulizeni sasa, siyo siku ile, ni hospitali gani yenye serumu. Ikiwa iko ng'ambo, jueni ni nani mwenye mtumbwi anayeweza kuvusha usiku, na ni nani mwenye pikipiki. Wekeni na feza kidogo kwa safari hiyo.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba nyoka wanaua watu kati ya 81.000 na 138.000 kila mwaka duniani. Mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Sisi wazazi tusiisahau.

Leo jioni, kabla ya chakula, lazeni ile kamba nyuma ya nyumba. Kisha mwambieni mtoto ile ahadi.