Jiko jipya, mpira wa zamani

Jirani yangu mmoja hapa Makanyagio alipata jiko jipya la gesi mwezi uliopita, la plati mbili, zawadi kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Kijana mmoja akaja kulifunga. Akachomoa mpira kwenye jiko la zamani, akauchomeka kwenye jipya, akafungua mtungi, kisha akawasha kiberiti na kukipitisha kwenye maungio "kuangalia kama inavuja". Mama wa watu amesimama pale pale, mjukuu mgongoni. Hakuna kilichowaka, Mungu mkubwa. Aliponisimulia alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Gesi haipimwi kwa kiberiti, mama zangu. Koroga sabuni na maji kidogo kwenye kikombe mpaka itoe povu, fungua mtungi huku jiko limezimwa, upake povu kwenye regulata na kwenye ncha zote mbili za mpira. Ukiona vipovu vinachomoza na kukua, hapo panavuja. Funga mtungi, kaza, pima tena. Vikiendelea, usiwashe jiko hata kama ugali unasubiriwa.

Siku ya kubadilisha, funga mtungi wakati jiko la zamani bado linawaka, uache moto ufe wenyewe, ili gesi iliyobaki kwenye mpira iungue. Ndipo uchomoe. Wengi wetu Mpanda tuna gesi ndani na mkaa uani, maana maharage ya nyumba nzima nani atayachemsha kwa gesi? Basi siku hiyo jiko la mkaa lisiwe mlangoni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi kama moshi, inatambaa sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Fungua na mlango. Aliyepanga chumba kimoja, mtungi kando ya kitanda, alikumbuke hilo kila siku.

Sasa mpira. Watu wananunua jiko la bei nzuri halafu wanalifunga na mpira wa miaka sita. Ukunje kwa vidole: ukiona nyufa, au umekuwa mgumu kama fimbo, nunua mwingine. Uwe mpira wa gesi, si bomba la maji, wala usipite nyuma ya jiko penye joto. Ncha zote zibanwe kwa vibano vya chuma. Nimeshaona zimefungwa kwa tyubu ya baiskeli!

Anayetoka kwenye kile kijiko kinachokaa juu ya mtungi wa kilo 6 atahitaji regulata, na regulata moja haiingii kwenye kila mtungi. Piga picha mdomo wa mtungi wako, au uubebe mtungi wenyewe hadi dukani. Zile za presha kubwa za majiko ya mama lishe usiziweke kwenye jiko la mezani, moto utakurukia usoni.

Na kile kitambaa cha kufumwa mnachouvalisha mtungi, kitoeni. Najua kinapendeza.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ni vyema, misitu yetu ya Katavi inahitaji kupumzika. Ila mtungi ukigawiwa, na somo ligawiwe pamoja nao.

Ukisikia ile harufu kali kama ya kitu kilichooza, usiwashe taa wala kuizima, usiguse simu ukiwa ndani. Funga mtungi kama unaufikia, fungua mlango, toa watoto, kisha ukiwa nje mbali na nyumba upige 114, Zimamoto.

Jumamosi nilikwenda kwa jirani na kikombe changu cha povu. Kwenye jiko palikuwa kimya. Kwenye ncha ya mpira, upande wa regulata, vikatoka vipovu viwili, kisha vitatu. Akaniangalia, nikamwangalia. Tulinunua mpira mpya na vibano siku ile ile, tukapima tena, povu likatulia. Ule wa zamani tuliukata vipande vipande asije mtu akauokota.