Damu Ilitoka Usandawe, Majibu Yako Wapi?

Mtu akitolewa damu zahanati, huketi benchini akingoja majibu. Awe na malaria au asiwe nayo, ataambiwa. Lakini iko damu nyingine iliyotolewa katika nchi yetu hii ya kati, ambayo majibu yake yalisomwa mbali sana na benchi hilo.

Mwaka 2012 jarida la Cell lilichapisha utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Walisoma vinasaba vyote vya Waafrika 15: watu 5 wa misitu ya Kameruni, Wahadzabe 5, na Wasandawe 5, ndugu zetu wa wilaya ambayo leo huitwa Chemba. Katika damu hiyo chache zilionekana mamilioni ya tofauti za urithi ambazo sayansi haikuwa imeziorodhesha.

Hatuandiki haya ili kuwashutumu watafiti. Elimu hiyo ni njema, maana kwa muda mrefu hazina za vinasaba zimejaa habari za watu wenye asili ya Ulaya. Swali letu ni la haki. Kila mtu hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo tone la damu la mtu mmoja husimulia habari za ndugu ambao hawakuulizwa na za watoto ambao hawajazaliwa. Dole gumba la mmoja, hata likiwekwa kwa hiari kamili, halitoshi kwa jambo la ukoo mzima. (Tena inatuudhi kuona Wasandawe wakitajwa kama masalia ya wawindaji wa kale, hali wanalima mtama na kufuga ng'ombe kama Wagogo majirani zao.)

Wala tusidhani kwamba mambo haya hukomea vitabuni. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa kuchunguza damu ya watoto wa Uganda kwamba aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Elimu ya selimundu ikaendelea kukua, hata mwaka 2023 Uingereza na Marekani zikaidhinisha tiba inayohariri vinasaba vya mgonjwa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Ni mzazi gani wa Bahi au Mpwapwa atakayeifikia? Heri kwamba mwaka huohuo, hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huo.

Tamko la UNESCO la mwaka 1997 juu ya vinasaba vya binadamu ladai kwamba manufaa ya elimu hii yawafikie watu wote. Wasan wa Afrika Kusini hawakungoja hisani: mwaka 2017 walitangaza kanuni zao wenyewe, wakiwataka watafiti wawaheshimu, waseme kweli, na warudi kueleza walichokipata.

Basi wakija tena wenye sindano na chupa, mkutano wa kijiji uitishwe kabla mkono wowote haujanyoshwa. Waulizwe damu itahifadhiwa wapi, nani ataweza kuiuza, na ni lini watarudi kuyasoma majibu mbele ya wazee, kwa Kiswahili na kwa Kisandawe.