Tuliwafundisha Msuguano, Hatukuwafundisha Breki

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii nimeiandika ubaoni mara nyingi katika miaka yangu ya ualimu, na wanafunzi wakainakili madaftarini mwao. Maana yake, hata hivyo, sikuijua sawasawa hadi alasiri moja mnyororo wa pikipiki yangu ulipokatika Kibarani, malori ya makontena yakinipita huku na huku kama majumba yanayotembea.

Mimi ni mkazi wa Likoni, na kazi yangu ni kufundisha Fizikia katika shule moja ya Changamwe. Kila siku ya masomo huivusha pikipiki yangu kwa feri, nikakata mji hadi Makupa, nikapita Kibarani na kupanda Changamwe. Jioni hurudi kwa njia iyo hiyo. Safari nzima, kwenda na kurudi, ni kilomita 20 na ushei. Pikipiki yenyewe ni ya umbo la kale: taa ya duara, tangi la petroli lililoviringana, magurudumu ya njiti za chuma, na injini ya silinda moja inayowashwa kwa teke. Ni ya ukoo wa Honda CG125. Walimu wenzangu hunitania kwamba hiki ni chombo cha makumbusho. Huwajibu kwamba siiachi kwa kuwa kila kiungo chake huonekana kwa macho na hufunguka kwa spana.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimefundisha msuguano. Nilieleza jinsi vyuma viwili vinavyosuguana vinavyotoa joto na kulika, na jinsi mafuta yanavyovitenganisha. Saa chache baadaye nilikuwa nimesimama kando ya barabara, mnyororo mikononi, mkavu na mwekundu kwa kutu. Kijana mmoja wa bodaboda akaegesha karibu nami. "Shikamoo, mwalimu," alisema. Nilimtambua. Aliwahi kuwa mwanafunzi wangu, miongoni mwa wale ambao ripoti zao niliziandika "ajitahidi zaidi" bila ya kufikiri sana.

Aliutazama mnyororo, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, huu umeonja oili lini mara ya mwisho?"

Sikuwa na jibu. Alitoa kiungo cha akiba chini ya kiti chake, akauunganisha mnyororo, na akanionyesha ile klipu ndogo inayokibana kiungo. Upande wake uliozibika, alinieleza, ni lazima uelekee mnyororo unakokwenda, la sivyo hugongwa na kung'oka njiani. Mimi niliyesomea mwendo na nguvu hadi chuo kikuu sikulijua hilo.

Nilipotaka kumlipa alikataa katakata. Hapo ndipo nilipoona kwamba breki ya mbele ya pikipiki yake haikuwa na waya. Nilimwuliza sababu. Akacheka. "Ile ya mbele humwangusha mtu, mwalimu. Mimi hutumia ya nyuma tu." Nilitikisa kichwa, nikamshukuru, nikaenda zangu. Nilikuwa nimechoka, na foleni ya feri ilikuwa ikiningoja.

Msomaji mpenzi, hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Kijana huyu nilimfundisha inesha kwa muhula mzima. Nilimwambia kwamba kitu kilicho katika mwendo hupenda kuendelea na mwendo wake. Sikumwambia kwamba, kwa sababu iyo hiyo, pikipiki inapofungwa breki uzito hulielemea gurudumu la mbele, na la nyuma likawa jepesi. Gurudumu jepesi halishiki barabara, huteleza. Breki ya mbele basi ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi ya kukisimamisha chombo. Ni kweli kwamba ikibanwa kwa ghafla penye mchanga au utelezi humwangusha mtu. Dawa yake ni kuibana taratibu pamoja na ya nyuma, wala si kuing'oa. Maneno haya yangenichukua dakika tatu pale Kibarani. Sikuyasema.

Masika yalipoingia, kijana yule aliteleza kwenye mteremko wa kuingilia feri pale Likoni. Mungu alimnusuru na mauti, lakini alivunjika mguu, na kwa miezi kadhaa nyumba iliyokuwa ikimtegemea haikuwa na wa kuitegemea. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, "Mwalimu, niliibana ile ya nyuma kwa nguvu zangu zote." Sina shaka kwamba aliibana. Nami sina shaka kwamba sehemu ya ajali ile ni yangu.

Kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya elimu. Yeye alijua kuufunga mnyororo asijue kwa nini breki inasimamisha. Mimi nilijua kwa nini mnyororo unalika nisijue kuutia oili. Nusu hizi mbili zilikutana kando ya barabara kwa dakika kumi, kisha zikaagana.

Hebu tuitazame historia ya pikipiki yenyewe, maana ina funzo. Kampuni ya Honda iliitoa CG125 mwaka wa 1976. Wahandisi wake walikuwa wamechunguza jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyozitumia pikipiki ndogo: hubebeshwa mizigo mizito, oili haibadilishwi, mnyororo haukazwi. Wakaunda injini sahili isiyodai mengi, na mnyororo wakaufunika wote ndani ya kasha lake ili vumbi na maji visiufikie. Umbo hilo baadaye liliigwa na viwanda vingi vya China, na nchini Kenya, baada ya serikali kupunguza kodi ya pikipiki zisizozidi sisi 250 mwaka wa 2008, pikipiki za namna hiyo na za miundo mingine zilienea kila mtaa. Leo pita Kisauni, pita Magongo, pita Mtongwe, utazikuta zimepangwa kila njia panda.

La kusikitisha ni kwamba nyingi nizionazo hazina lile kasha. Mnyororo uko wazi kabisa kwa mchanga, mvua na hewa ya bahari. Injini imebaki na uvumilivu wake, nao uvumilivu huo umetudanganya. Tumezoea kuamini kwamba pikipiki inayowaka ni pikipiki nzima. Lakini injini husamehe kwa miezi na hata kwa miaka. Breki haisamehi.

Isitoshe, hapa petu Pwani chuma kina adui ambaye hakijui Nairobi wala Nakuru. Wanafunzi wa Kemia wanajua kwamba kutu ni kazi ya chuma, maji na oksijeni, na kwamba chumvi huiharakisha kazi hiyo. Pikipiki inayolala Likoni hupakwa chumvi usiku kucha bila ya mwenyewe kujua. Njiti za magurudumu huanza kuota madoadoa, kisha waya za breki na klachi hukauka ndani ya mirija yake, kisha skrubu hukataa kufunguka. Wazee wetu hawakuhitaji maabara ili kulitambua hili. Mabaharia wa majahazi walivipandisha vyombo pwani, wakazikalafati mbao kwa pamba, na kuzipaka sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Walijua kwamba bahari hula kila kisichopakwa mafuta. Sisi wajukuu wao tumepata vyombo vya chuma tukaisahau desturi ya matunzo.

Matunzo yenyewe si makubwa. Baada ya mvua au safari ya ufukweni, mimi siku hizi huiosha pikipiki kwa maji yasiyo na chumvi, nikaikausha na kupitisha kitambaa chenye oili penye chuma kitupu. Mnyororo huusafisha kwa brashi na kuutia oili kila mwisho wa juma. Huubonyeza katikati kwa kidole: kwa pikipiki nyingi za namna hii, upande na ushuke kati ya sentimita mbili na tatu. Ukilegea mno huruka, ukikazwa mno hulika pamoja na meno ya gia zake. Breki huzijaribu zote mbili kabla ya kuondoka nyumbani. Iwapo inanilazimu kuikaza breki mara kwa mara, hutambua kwamba lainingi zilizo ndani ya gurudumu zimekwisha, na kwamba kuendelea kukaza ni kujidanganya.

Na kuna hesabu. Tuseme kitabu cha pikipiki kimeagiza kwamba oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 3,000. Mimi nitembeaye kilomita 20 kwa siku, siku 22 za kazi kwa mwezi, nitafikia kiwango hicho baada ya miezi saba hivi. Mwenye bodaboda atembeaye kilomita 100 kila siku hukifikia kwa mwezi mmoja tu. Akimwiga mwalimu wake na kubadilisha oili mara mbili kwa mwaka, ataiua injini, iwe vumilivu namna gani. Hesabu hii ni ya kuzidisha na kugawanya, ya mtoto wa shule ya msingi. Nimewauliza vijana wengi walioketi darasani miaka minane na zaidi, na wachache mno wamewahi kuipiga, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba hesabu na pikipiki ni watu wa nyumba moja.

Walimu wenzangu, lawama hapa ni zetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 uliahidi elimu ya mikono. Tulikuwa na masomo ya sanaa na ufundi, watoto wakisuka vikapu na kuranda mbao. Kidogo kidogo masomo hayo yalififia, mtihani ukawa ndio mfalme. Sasa tuna Mtaala wa Umilisi, na tangu Januari 2023 wanafunzi wa Gredi ya Saba wamekuwa wakisoma utangulizi wa ufundi katika sekondari msingi. Ni jambo la kutia moyo. Hofu yangu ni kwamba tutaligeuza somo hilo kuwa maandishi ya ubaoni, mtoto akariri majina ya spana bila ya kuishika hata moja.

Ninalopendekeza halihitaji bajeti ya wizara. Kila shule ya Likoni, Kisauni na Changamwe ina walimu au wazazi wenye pikipiki, na karibu na lango lake pana fundi wa jua kali. Pikipiki moja ya kale iingizwe uani mara moja kwa mwezi. Mwalimu wa Fizikia afundishe breki, wa Kemia afundishe kutu, wa Hisabati afundishe hesabu ya oili, na fundi awaonyeshe jinsi ya kufunga na kufungua. Anayejua asione haya kufundisha, na asiyejua, awe na shahada asiwe nayo, asione haya kuuliza.

Najua watakaonipinga. Watasema kwamba kuwaonyesha watoto pikipiki ni kuwavuta waache masomo na kukimbilia bodaboda. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana nimewapoteza wanafunzi kwa njia hiyo. Hata hivyo, kijana aliyekata tamaa na shule hahitaji somo letu ili aijue bodaboda, kwani humngoja langoni. Na yule anayebaki darasani hurudi nyumbani akiwa abiria wa pikipiki iyo hiyo. Wote wawili wanastahili kujua kama breki inafanya kazi. Wengine watasema hili ni jukumu la polisi na sheria. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yanamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia ngumu na koti la kung'aa, na abiria asizidi mmoja. Ni sheria njema, na iheshimiwe. Lakini kofia humlinda mtu baada ya ajali kutokea. Matunzo ndiyo yanayoweza kuizuia isitokee.

Nanyi wanafunzi, mnapopanda pikipiki msione haya kumwuliza mwendeshaji, kwa heshima, "Kaka, breki zote mbili ziko sawa?" Akicheka, mweleze habari ya inesha. Huenda mkawa mmemfanyia hisani ambayo mimi mwalimu wenu nilishindwa kumfanyia mwenzake.

Yule kijana amepona, japo anachechemea. Muhula uliopita nilimwalika shuleni, akasimama mbele ya wanafunzi 40 na pikipiki yangu, akawafundisha mnyororo na klipu yake. Kisha mimi nikawafundisha breki ya mbele, naye akaketi kwenye dawati akisikiliza. Tulipomaliza alinionyesha pikipiki yake iliyokuwa imeegeshwa nje. Breki ya mbele ilikuwa na waya mpya.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wetu uko kati ya ubao na barabara, nasi walimu ndio tulioshika chokaa.